Kadi haijala picha, mmezila wenyewe

Nimechoka. Nasema waziwazi, na atakayenuna anune. Nimechoka kuwasikia wapigapicha wa magazeti, maofisa habari wa halmashauri, vijana wa mashirika na mafundi wa video za harusi wakisema "aisee, kadi imekula picha". Kadi haina meno jamani! Ni kipande cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti, na kinafanya kile ulichokiamuru. Kufa inakufa, sikatai, hasa zile feki. Lakini picha zikipotea njiani kati ya kamera na kompyuta, chunguza vizuri: mara nyingi utakuta mkono wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa na haraka.

Mtaniuliza, kijana, umeamka na nini leo? Nimeamka na Endamarariek.

Kuna mzee mmoja huko, Karatu hii hii yetu, jina lake nitalihifadhi. Mwezi wa nne mwaka 2022, mvua za masika zikiwa zimekolea, tulikwenda waandishi wachache kufuatilia habari za makorongo yanayomega mashamba. Anayewajua Wairaqw anajua wanavyoujali udongo wao. Ukiona mtu wa huko anasimama kimya akiliangalia korongo, ujue hapo palikuwa na mahindi na mbaazi, pengine na kaburi la babu. Mzee wetu alisimama ukingoni mwa shamba lake, nyuma yake korongo jekundu, pembeni yake mstari wa mikonge. Mikonge ile ndiyo mpaka kati yake na jirani. Mpigapicha mmoja wa gazeti moja (si langu, na sitalitaja) akampiga picha nzuri sana. Niliiona kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Mikonge unaihesabu mmoja mmoja.

Mwaka 2024 mzee akanipigia simu. Mikonge haipo. Jirani anasema ilisombwa na maji, na tena anasema mpaka haukuwahi kupita pale, ulikuwa hatua kadhaa ndani ya shamba la mzee. Mzee anasema iling'olewa usiku. Mimi sikuwepo usiku huo, siwezi kumhukumu mtu. Lakini mzee ana akili kuliko sisi wasomi wote tuliokwenda siku ile. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile picha si ipo?"

Nikamtafuta mpigapicha. Jibu mnalijua tayari. "Aisee, ile kadi ilizingua. Zote zilikwenda."

Sikumwachia hapo. Kazi yangu ni kuuliza maswali, basi nikamuuliza yeye kama ninavyomuuliza mkandarasi aliyekula fedha ya daraja. Kidogo kidogo ukweli ukatoka. Waya wa kamera aliusahau ofisini. Rida ya kadi hana, ofisi haijawahi kumnunulia. Tuliporudi mjini aliingia steshenari moja ya kutoa fotokopi, akamkabidhi kijana kadi, akamwambia "nitolee haraka, mhariri ananisumbua". Kijana hakukopi, alihamisha. Yaani alizikata picha kwenye kadi na kuzibandika kwenye kompyuta ya dukani, kisha akaziweka kwenye flashi ya mpigapicha. Moja ikatumwa kwa mhariri kwa WhatsApp palepale. Jioni hotelini mpigapicha akafungua flashi, akaona shotikati tupu. Akasema zimeharibika. Akaifomati flashi. Kadi nayo akaifomati ndani ya kamera, kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi nyingine Mang'ola, akaijaza picha za vitunguu. Baada ya muda akarudi steshenari, akakuta kompyuta imeshapigwa windo mpya.

Sasa nionyesheni mahali ambapo kadi imekula kitu!

Tena kinachouma zaidi ni hiki. Wale virusi wa shotikati, ambao kila aliyewahi kutumia intaneti kafe Tanzania anawajua, kwa kawaida hawafuti picha. Wanazificha. Wanabadilisha sifa za mafaili ili yasionekane, halafu wanakuwekea shotikati zenye majina yale yale ili ubonyeze na uwasambaze zaidi. Ukiangalia ukubwa wa nafasi iliyotumika kwenye flashi utaona imejaa, ingawa macho yanaona patupu. Zipo njia za kuyafichua: unaiamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, au unaandika amri ya attrib ya kuwaondolea sifa ya kufichwa. Dakika tano. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba jioni ile picha ya mzee ilikuwa mkononi mwa mpigapicha, nzima kabisa, na akaifuta mwenyewe kwa sababu hakuuliza.

Iliyobaki ni ile moja ya WhatsApp. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi kwa nini napiga kelele. "Si ipo? Si hiyo hapo inaonekana?" Inaonekana nini? WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida inaibana, inapunguza ukubwa, na inavua maelezo yanayosafiri na faili, yale yanayoitwa EXIF: kamera gani, tarehe gani, saa ngapi. Mikonge iliyokuwa inahesabika imegeuka kuwa ukungu wa kijani. Tarehe hakuna. Mzee alipoipeleka kwenye baraza la kata, jirani aliuliza maswali mawili tu: "Hii ni ya lini? Na hayo majani ni mikonge au ni nyasi?" Kimya.

Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, wasiposuluhishwa watu wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, haiukatai kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ila inataka uzito wake upimwe kwa kuangalia kama namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa inaaminika, na kama uhalisia wake umelindwa. Someni tena. Ulivyohifadhiwa. Ulivyosafirishwa. Bunge lilikwishajua kwamba safari ya picha kutoka kwenye kamera ni suala la haki, sisi wenye kamera shingoni bado tunaona ni suala la kijana wa steshenari!

Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu. Tulifundishwa maadili, tukafundishwa nadharia za mawasiliano za Wazungu waliokufa zamani, tukafundishwa kukata picha na kuandika maelezo chini yake. Namna ya kuitoa picha kwenye kadi bila kuiua? Hata saa moja hatukupewa. Eti hilo ni jambo dogo, mtajifunza kazini. Kazini nako anakufundisha nani? Unamkuta mkongwe anayechomoa flashi kwenye kompyuta kama anayechomoa mwiba.

Basi mimi nitasema, na wanaojua zaidi wanisahihishe.

La kwanza kabisa: hakuna kuhamisha. Ni kukopi tu. Ukihamisha, kompyuta inafuta kule inakotoa, na umeme ukikatika katikati au betri ikizima una nusu huku na nusu kule. Zile programu za kuingiza picha nazo zina kisanduku kinachouliza kama zifutwe kwenye kadi baada ya kuingizwa. Kiacheni wazi. Anayefuta kadi awe wewe, kwa mkono wako, ukiwa umeshahakikisha, na si programu iliyotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia Endamarariek.

Kuhakikisha maana yake nini? Si kuona vile vipicha vidogo vimejipanga vizuri. Kipicha kidogo kinaweza kutokea wakati faili kubwa ndani limekatika nusu, ukilifungua chini kuna rangi ya kijivu. Hesabu: kwenye kadi mafaili 214, kwenye kompyuta 214. Ukubwa: baiti kwa baiti, si "kama inakaribiana". Kisha fungua kadhaa kwa ukubwa wake wote, za mwanzo, za katikati na hasa za mwisho. Ukiwa na muda tumia programu inayolinganisha kopi na asili yake, zipo za bure tele.

Kuhusu waya wa kamera, najua kuna wanaoutetea. Mimi siupendi. Unategemea betri ya kamera, na betri ya kamera ukitoka shambani jioni iko hoi. Kompyuta nyingine haiioni kamera kama diski, inazungumza nayo kwa lugha nyingine, na wakati mwingine inakuonyesha baadhi ya picha tu. Chomoa kadi, weka kwenye rida. Ile kadi ya SD ina kitufe kidogo cha pembeni cha kufunga. Mnadhani kiliwekwa kwa urembo? Kisogeze kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, nayo kwa kawaida haitaandika wala kufuta kitu kwenye kadi. Angekisogeza mwenzetu siku ile, kijana wa steshenari pengine asingeweza kuhamisha hata kama angetaka, na kirusi pengine asingeingia kwenye kadi. Kitufe kisichozidi punje ya mchele!

Halafu majina. Kamera nyingi zinahesabu picha kwa tarakimu nne. Zikifika 9999 zinaanza tena mwanzo, na nyingine zinaanza moja kila ukibadilisha kadi. Kwa hiyo IMG_0041 ya msiba wa Karatu na IMG_0041 ya mkutano wa mkuu wa wilaya ni majina yale yale. Ukizimwaga zote kwenye folda moja kompyuta itakuuliza: nibadilishe iliyopo? Na Mtanzania mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Hapo hakuna kirusi, hakuna kadi mbovu, ni ndiyo yako tu. Kila safari ifungulie folda yake, tarehe na mahali: 2022-04-Endamarariek. Na saa ya kamera iwe sahihi! Nimeona picha za mwaka 2023 ambazo ndani zimeandikwa Januari mosi 2010 kwa sababu betri ilitolewa siku nyingi na mwenye kamera akaona uvivu kurekebisha tarehe. Picha hiyo ukiipeleka kwenye baraza, wakili wa upande wa pili atakushukuru.

Kuchomoa salama nako mnakucheka. Mnasema Windows ya kisasa haihitaji. Ni kweli kwamba tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018 mpangilio wa kawaida ni wa kuruhusu kuchomoa haraka, lakini hauruhusu kuchomoa wakati bado inaandika. Taa ya flashi inawakawaka, wewe unachomoa, unategemea muujiza.

Kadi feki ni mada peke yake na nitairudia siku nyingine. Kwa leo niseme hivi: ile ya gigabaiti 256 unayouziwa kwa bei ya soda mbili ni changa la macho. Ndani ina gigabaiti chache, ila imepangwa kudanganya. Inapokea picha zote bila kulalamika, na zilizozidi uwezo wake haziko popote. Ijaribuni kabla ya kwenda nayo kazini. H2testw ni programu ya bure na inaijaza kadi nzima kisha inasoma ilichoandika. Inachukua muda, iache usiku kucha.

Na baada ya yote hayo, kopi moja si kopi. Kadi isifomatiwe mpaka picha ziwe sehemu mbili tofauti, na sehemu mbili si folda mbili kwenye laptopu moja, maana mwizi wa Kariakoo au wa stendi ya Arusha hachagui folda.

Wapo watakaosema haya ni ya zamani, siku hizi ni simu na kila kitu kinapanda mtandaoni chenyewe. Sawa. Kwanza, Google Photos iliacha kutoa nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, sasa ni gigabaiti 15 unazogawana na barua pepe zako, na ukijaza inasimama. Pili, ile si kopi ya akiba kama mnavyodhani, ni kioo. Ukifuta picha ndani ya programu yenyewe ili kupunguza nafasi, inafutika na kule. Tatu, bando. Nani analipa bando la kupandisha picha mia mbili kubwa kutoka kijijini? Mhariri? Msinichekeshe.

Nikifika kwa wahariri ndipo hasira inapozidi. Mnanunua kamera ya mamilioni, mnanunua lenzi ndefu kama bazuka, halafu rida ya bei ya sahani chache za chipsi mayai mnasema bajeti haipo. Diski ya pili haipo. Mnampigia mtu simu mara nane akiwa bado kwenye bodaboda: "picha ziko wapi?" Kisha gazeti likishatoka hamuulizi tena zile nyingine 213 ziko wapi. Kwenu picha ni ile iliyochapwa. Zilizobaki ni takataka ya kadi. Mikonge ya mzee haikuchapwa. Mliichapa picha ya korongo, kwa sababu korongo linatisha na linauza gazeti.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Waswahili peke yao. Mwaka 2009 NASA, wale waliompeleka mtu mwezini, walikiri kwamba kanda za asili za safari ya Apollo 11 ya 1969 huenda zilifutwa na kutumiwa tena kurekodi mambo mengine. Walikuwa na upungufu wa kanda. Yaani walifomati kadi! Lakini tazama na upande mwingine. Priya Ramrakha, mpigapicha wa Kenya aliyeuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra, negativu zake zilikutwa miongo kadhaa baadaye kwenye gereji Nairobi, na leo watu wanaziangalia. Gereji! Hakuna aliyezitunza kitaalamu, vumbi tu na giza, na zikadumu. Filamu ilikuwa inasamehe uzembe. Dijitali haisamehi, ama ipo nzima ama haipo. Ndiyo maana nasema kizazi chetu, chenye kamera nyingi kuliko kizazi chochote, kinaweza kuwaachia wajukuu picha chache kuliko babu zetu waliopigwa studio mara moja maishani wakiwa wameshika ua la plastiki. Hapa jirani, Laetoli, upande wa Ngorongoro, kuna nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, akina Mary Leakey wakazikuta kwenye miaka ya 1970, bado zina vidole. Picha ya mzee wa Endamarariek ilidumu mchana mmoja.

Mpigapicha yule ameninunia, na ana haki ya kununa, ila nimemwambia na narudia hapa: mzee hakupiga pozi kwa ajili ya gazeti. Alitukaribisha shambani, akatutolea vigoda, akasimama kwenye tope mahali alipoambiwa asimame, akaambiwa geuka kidogo baba, akageuka. Alitukopesha sura yake na shamba lake akiamini kwamba sisi tuna mahali pa kuweka vitu. Shauri lenyewe bado halijaisha.

Siku ile tulikuwa zaidi ya mmoja pale. Kulikuwa na ofisa mmoja wa halmashauri mwenye kamera ndogo ya fedha, kulikuwa na vijana wawili wa shirika la mazingira, na kulikuwa na mwalimu aliyekuwa anapiga kwa simu. Mnajijua. Naomba mtafute. Tazameni kwenye droo, kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kwenye flashi mliyosema imekufa. Mkikuta kadi ya wakati ule, msiipigie picha nyingine hata moja na msiifomati, hata kama inaonekana tupu, kwa sababu kufuta mara nyingi kunaondoa anwani tu na picha yenyewe inabaki mpaka iandikwe juu. Ifungeni kwa kile kitufe cha pembeni, niiteni, nitakuja nayo programu ya PhotoRec, ni ya bure, tutaichimba pamoja. Natafuta mikonge upande wa kushoto wa mzee mwenye koti la kijivu. Na kama picha ipo tayari na mnataka kunitumia kwa WhatsApp, tafadhali sana, itumeni kama faili, msiitume kama picha.